Fedha za Fidia ya Kifo: Zipi za Wategemezi, Zipi za Mirathi

Swali: Mume wangu alikuwa dereva wa lori. Alifariki mwezi Machi 2023, akiwa na umri wa miaka 41, lori lake lilipogongana na basi karibu na Mariakani. Sisi ni Waislamu. Ameniachia watoto watatu: mvulana wa miaka 13, msichana wa miaka 9 na mvulana wa miaka 4. Yuko pia binti yake wa miaka 15 aliyezaliwa nje ya ndoa kabla hajanioa. Anakaa Voi na mamake, na marehemu ndiye aliyekuwa akimlipia karo. Mama mkwe wangu yu hai, baba mkwe alitangulia. Nilipokuwa eda, shemeji yangu alichukua hati ya usimamizi na kesi ikafunguliwa kwa jina lake. Sasa kampuni ya bima imekubali kulipa shilingi 2,808,000. Shemeji anasema fedha zote ni mirathi: mimi nipewe thumni (moja ya nane), mama apewe sudusi (moja ya sita), binti wa Voi hana kitu, na za watoto wangu atazishika yeye mpaka wakue, baada ya kujirudishia shilingi 95,000 alizotumia katika mazishi na kesi. Je, ndivyo sheria inavyosema?

Jibu: Pole sana, dada, kwa msiba na kwa haya yaliyofuata baada ya msiba. Mwenyezi Mungu amrehemu marehemu. Jibu fupi ni hapana. Thumni anayoitaja shemeji yako ipo, lakini inatoka katika shilingi 120,000 tu, wala si katika shilingi 2,808,000. Zilizobaki, ambazo ni shilingi 2,688,000, hazijapata hata siku moja kuwa mali ya marehemu, na kisichokuwa mali ya marehemu hakirithiwi. Nitaeleza hesabu hiyo imetoka wapi, kwa sababu familia nyingi hugombana juu ya fedha za namna hii kwa kuwa hundi huja moja, ina tarakimu moja, na hakuna aliyewaambia kwamba ndani yake mna mafungu mawili, kila fungu na wenyewe.

Mtu akiuawa na uzembe wa mwingine nchini Kenya, kesi huwa moja lakini husimama juu ya sheria mbili. Ya kwanza ni Sheria ya Marekebisho ya Sheria, Sura ya 26, ambayo kifungu chake cha 2 kinasema kwamba madai aliyokuwa nayo marehemu hayafi pamoja naye, bali yanahamia kwenye tirka yake, yaani mali aliyoiacha. Maumivu aliyoyapata tangu kugongwa mpaka kukata roho ni dai lake mwenyewe, na kukatiwa umri kabla ya wakati ni dai lake pia. Kwa kuwa hayupo kuyadai, msimamizi wa mirathi huyadai kwa niaba yake, na kinachopatikana huungana na kila alichokiacha: shamba, ng'ombe, akiba ya benki. Fungu hili kwa kawaida ni dogo. Mahakama zetu zimezoea kutoa shilingi 100,000 kwa kukatiwa umri, na kwa maumivu kiasi kidogo zaidi ikiwa mtu alifia pale pale.

Sheria ya pili ni ile ya Ajali Zinazosababisha Vifo, Sura ya 32, nayo huwaangalia waliobaki. Inauliza ni nani aliyekuwa akila kwa jasho la mtu huyu, na kwa kifo chake amepoteza kiasi gani. Kifungu cha 4 kinawataja wanaostahiki: mke, mume, mzazi na mtoto. Mzazi ni pamoja na babu na nyanya, mtoto ni pamoja na mjukuu na mtoto wa kambo, na sheria inasema wazi kwamba mtoto aliyezaliwa nje ya ndoa au aliyeasiliwa anahesabiwa kama mtoto mwingine yeyote. Ndugu wa marehemu hawamo katika orodha hiyo. Kaka anaweza kuwa ndiye aliyebeba jeneza, aliyekimbia mochari na aliyeketi kortini kila kesi ilipotajwa, lakini sheria hii haimpi fungu.

Sasa tutazame karatasi ya hesabu uliyoniambatanishia, ambayo wakili aliipokea kutoka kwa bima. Mshahara wa marehemu baada ya makato umewekwa kuwa shilingi 28,000 kwa mwezi. Zimezidishwa kwa miezi 12, kisha kwa miaka 15 ambayo wamekubaliana kwamba angeendelea kufanya kazi, kisha ikachukuliwa theluthi mbili, kwa maana kwamba theluthi moja angeitumia mwenyewe. Hapo pamepatikana shilingi 3,360,000, na hizo ndizo fidia ya utegemezi. Chini yake pameandikwa shilingi 50,000 za maumivu na shilingi 100,000 za kukatiwa umri, jumla 150,000, na hizo ndizo za tirka. Kwa kuwa ilikubaliwa kwamba marehemu naye alichangia ajali kwa asilimia 20, kila fungu limepunguzwa kwa kiasi hicho: utegemezi umebaki shilingi 2,688,000 na tirka imebaki shilingi 120,000. Zijumlishe utaipata ile 2,808,000.

Hiyo theluthi mbili si amri ya sheria. Jaji Ringera alishaeleza zamani katika Mahakama Kuu kwamba kiasi ambacho mtu alikitumia kwa familia yake ni jambo la kuthibitishwa kwa ushahidi katika kila kesi, na hakuna kanuni inayosema lazima kiwe theluthi mbili. Kwa mtu mwenye mke, watoto wanne na mama mzee, theluthi mbili ni kiasi cha haki, na sioni sababu ya wewe kukipinga sasa.

Tuanze na fungu dogo, kwa sababu hapo shemeji yako yuko sawa. Sheria ya Urithi, Sura ya 160, inaacha ugawaji wa mirathi ya Mwislamu ufuate sheria ya Kiislamu, na Katiba ya 2010, ibara ya 170, inaipa Mahakama ya Kadhi mamlaka juu ya mirathi pale ambapo wahusika wote ni Waislamu na wamekubali kwenda mbele yake. Baada ya madeni na wasia kama upo, shilingi 120,000 zinagawanywa hivi: wewe thumni kwa kuwa marehemu ana watoto, yaani shilingi 15,000, mama yake sudusi, yaani shilingi 20,000, zinabaki shilingi 85,000 ambazo ni za watoto, mwana mume akipata sawa na wana wa kike wawili. Kwa watoto wako watatu hizo ni sehemu tano za shilingi 17,000, kwa hiyo kila mvulana apate 34,000 na msichana apate 17,000. Utaona kwamba hata hapa shemeji hana kitu, kwa sababu wana wa kiume wa marehemu wanamzuia kaka asirithi.

Kuhusu binti wa Voi na fungu hili la mirathi, mafundisho yaliyozoeleka ni kwamba mtoto wa nje ya ndoa hamrithi baba. Lakini mwezi Juni 2025 Mahakama ya Juu ya Kenya iliamua, katika shauri lililotoka hapa hapa Pwani, kwamba kuwanyima watoto kama hao mirathi ya baba yao Mwislamu kwa sababu tu wazazi wao hawakuoana ni ubaguzi unaokatazwa na Katiba. Mamake akilidai, ana pa kusimamia. Akiingizwa, zile shilingi 85,000 zitakuwa sehemu sita badala ya tano, na msichana wako atapata takriban shilingi 14,166 badala ya 17,000. Tofauti ni shilingi elfu mbili na ushei kwa kila sehemu. Kwa kiasi hicho, ningewashauri msipelekane kortini.

Fungu kubwa ndilo lenye mzozo. Kama shilingi 2,808,000 zote zingegawanywa kimirathi kama anavyotaka shemeji yako, wewe ungepata 351,000, mama mkwe 468,000, kila mvulana 795,600 na msichana 397,800. Mjane wa miaka thelathini na kitu, mwenye watoto watatu wa kulea, angepata pungufu ya mama ambaye wanawe wengine wako hai, na msichana wa miaka 9 angepata nusu ya mdogo wake wakati chakula, sare na karo yao ni sawa. Silaumu mirathi kwa hilo, kwani mirathi iliwekwa kugawanya mali iliyoachwa, na ina hekima yake katika mpangilio wake. Fedha hizi ni kitu kingine: ni mshahara wa miaka 15 ambao haujalipwa na ambao marehemu angeuleta nyumbani kidogo kidogo kila mwisho wa mwezi. Wanaoudai ni wale ambao angewaletea.

Shemeji yako anaweza kukujibu kwamba malipo ya damu, yaani diya, katika fikihi, yaani elimu ya sheria ya Kiislamu, huhesabiwa ndani ya tirka na hurithiwa kama mali nyingine. Hoja hiyo ina msingi na si vyema kuidharau. Lakini kilicholipwa hapa si diya. Diya ni thamani ya nafsi, na haiulizi marehemu alikuwa akipata mshahara gani wala alikuwa akimlisha nani. Fidia hii haina thamani ya nafsi ndani yake kabisa. Imepimwa kwa mshahara, kwa miaka na kwa vinywa vilivyokuwa vikilishwa, na imetolewa na sheria ambayo yenyewe inataja ni nani alipwe. Kadhi hana mamlaka ya kuamua madai ya ajali, na fungu la utegemezi likipelekwa kwake, mtu yeyote mwenye wakili anaweza kupinga. Ikiwa wewe na mama mkwe, mkiwa watu wazima, mtaona moyo wenu hautulii mpaka mgawane kwa njia ya mirathi, hakuna anayewazuia kupeana za kwenu baada ya kuzipokea. Za watoto hamna ruhusa ya kuzigusa, wewe wala yeye.

Basi shilingi 2,688,000 zinagawanywaje? Kifungu hicho hicho cha 4 kinasema kwamba kiasi kilichopatikana, baada ya kutoa gharama ambazo hazikurejeshwa na mdaiwa, kitagawanywa kwa wategemezi kwa sehemu ambazo mahakama itaona na kuamuru katika hukumu. Sheria haikuweka thumni wala sudusi, wala haikusema sawa kwa sawa. Hakimu huangalia mjane ana umri gani na ana kipato gani, mtoto amebakiza miaka mingapi ya kulelewa, mzazi alikuwa akipewa nini na ana watoto wengine wa kumtunza au hana. Mtoto mdogo kwa kawaida hupata zaidi ya mkubwa kwa sababu safari yake ni ndefu zaidi, na mjane hupata sehemu nono kwa kuwa utegemezi wake hauishi akitimiza miaka 18 na pia kwa kuwa nyumba wanamoishi watoto huiendesha yeye.

Kama ningekuwa wakili wako, ningemwendea hakimu na pendekezo lililokaribia hili: wewe shilingi 940,000, mvulana wa miaka 4 shilingi 560,000, msichana wa miaka 9 shilingi 400,000, mvulana wa miaka 13 shilingi 290,000, binti wa Voi shilingi 230,000, na mama mkwe shilingi 268,000. Hakimu mwingine anaweza kuniongezea hapa na kunipunguzia pale, na asiwe amekosea. Ningekuwa mkali zaidi katika kuhakikisha binti wa Voi hatolewi, kwa sababu katika sheria hii hali ya ndoa ya wazazi wake haihusiki hata kidogo, na baba alikuwa akimlipia karo. Ukimficha ili fungu la wanao liongezeke, na baadaye mamake akajitokeza, utakuwa umeapa mbele ya mahakama kwamba wategemezi ni hawa tu, na maagizo yaliyopatikana kwa kuficha hufutwa.

Kuhusu mama mkwe, nakuomba usikose subira. Mzazi ni mtegemezi kwa jina, lakini kiasi chake hutegemea ushahidi. Katika kesi moja niliyoisimamia, wakili wa bima alimuuliza mama mzee kwa kejeli kidogo alikuwa akipewa nini na mwanawe, naye hakujibu. Alifungua fundo la leso, akatoa simu ndogo ya vibonyezo, akampa karani. Jumbe za M-Pesa zilikuwa bado zimo: shilingi 3,000 kati ya tarehe 3 na tarehe 6 za kila mwezi, mwaka mzima na zaidi, ya mwisho siku nne kabla ya ajali. Wakili yule aliketi. Ikiwa mama mkwe wako ana ushahidi wa namna hiyo, mwache autoe, na wewe tafuta taarifa ya M-Pesa ya marehemu itakayoonyesha karo ya Voi. Ushahidi huo unamfaa kila mtegemezi, kwa sababu unamwonyesha hakimu kwamba ile theluthi mbili haikubuniwa.

Huenda pia ukasikia bima ikidai kwamba zile shilingi 120,000 za tirka zipunguzwe kutoka fungu la utegemezi, kwa kuwa watakaozipata ni watu wale wale. Dai hilo lilianzia katika uamuzi wa Mahakama ya Rufaa wa miaka ya 1980 uliosema kwamba faida ya mirathi "izingatiwe" wakati wa kupima utegemezi, na kwa miaka mingi mahakimu walilitafsiri neno hilo kuwa ni kutoa kwa hesabu. Mwaka 2015 Mahakama hiyo hiyo ilieleza kwamba kuzingatia si lazima kuwe kutoa. Katika karatasi yako hawakutoa kitu, kwa hiyo msiliamshe.

Nije kwa fedha za watoto, ambapo shemeji anataka azishike yeye. Hana haki hiyo, na wewe pia huna, ingawa wewe ni mama yao. Fungu la mtoto aliye chini ya miaka 18 huamriwa na mahakama liwekwe katika akaunti ya benki inayozaa faida mpaka atimize umri huo. Najua swali lako linalofuata, kwa sababu kila mjane huliuliza: zikifungiwa benki, mwezi wa Januari nitalipa karo kwa fedha zipi? Unapeleka ombi katika faili ile ile, ukiambatanisha barua ya shule na orodha ya mahitaji, na hakimu anaruhusu kiasi hicho kitolewe, mara nyingi kilipwe moja kwa moja kwa shule. Ni usumbufu, sikatai. Afadhali maombi hayo yaombwe mapema katika hukumu yenyewe, kwamba faida itolewe kila muhula kwa ajili ya karo, kuliko kurudi kortini kila mara. La binti wa Voi liwekwe peke yake, mamake akiwa ndiye mlezi katika akaunti hiyo, lisipitie mkononi mwako. Utakuwa umejiepusha na maneno.

Shemeji yako basi ni nani katika kesi hii? Ni mtu aliyeazimwa jina. Sheria inataka kesi moja tu ifunguliwe kwa kifo kimoja, ifunguliwe na msimamizi wa mirathi, tena ndani ya miaka mitatu tangu kifo, na msimamizi huyo aorodheshe wategemezi wote katika madai. Akikawia miezi sita bila kufungua, wategemezi wenyewe wanaruhusiwa kuifungua. Yeye aliifungua, na kwa hilo anastahili shukrani, maana usingeweza kuhangaika na korido za mahakama ukiwa ndani ya eda ya miezi minne na siku kumi. Lakini kifungu cha 66 cha Sheria ya Urithi kinamtanguliza mjane katika kupewa usimamizi, na sehemu hiyo ya sheria, kwa kadiri isivyopingana na sheria ya Kiislamu, inawahusu Waislamu pia. Isitoshe, hati nyingi zinazochukuliwa kwa haraka baada ya ajali ni hati zenye mipaka: zinamruhusu mtu kushtaki, zikaishia hapo. Iangalie hati yake mstari wa chini kabisa. Ikiwa imeandikwa kwamba ni kwa ajili ya kufungua kesi tu, hawezi kwa hati hiyo kuigawanya hata ile tirka ya shilingi 120,000. Itahitajika hati kamili iliyothibitishwa, au amri ya Kadhi. Na ikiwa atapokea chochote, kifungu cha 83 kinamlazimisha atoe hesabu, na kifungu cha 76 kinaruhusu hati yake ifutwe akikataa.

Zile shilingi 95,000 zake ni jambo jingine, na hapo nitamtetea. Aliyetumia fedha zake kumzika maiti na kuendesha kesi ana haki ya kurudishiwa kilicho cha kiasi na chenye maelezo. Kosa liko kwa aliyeandika madai. Gharama za mazishi zinadaiwa kisheria kutoka kwa aliyesababisha kifo, na mahakama zetu hukubali kiasi cha wastani hata pasipo risiti zote, kwa kuwa hakuna anayekumbuka kuomba risiti ya sanda. Katika karatasi ya bima gharama hizo hazimo kabisa. Mwambie wakili aziongeze kabla ya makubaliano kutiwa sahihi. Hata zikipunguzwa kwa asilimia 20, zikiwa zote 95,000 ni za mazishi na zimekubaliwa zitarudisha shilingi 76,000, jumla itafika shilingi 2,884,000, na bado itakuwa chini ya shilingi 3,000,000, ambazo ndizo kikomo cha kile ambacho sheria inailazimisha bima ya gari kumlipa mdai mmoja. Kwa njia hiyo shemeji atapata sehemu kubwa ya fedha zake kutoka kwa mwenye basi badala ya kuzikata kutoka kwa mayatima.

Hukuuliza kuhusu malipo ya wakili, lakini mara nyingi huko ndiko fedha huvujia. Kama kuna mtu alikutilisha au alimtilisha shemeji sahihi kwamba wakili atachukua asilimia 30 ya kitakachopatikana, au kwamba atalipwa kesi ikishinda tu, makubaliano ya namna hiyo hayana nguvu. Kifungu cha 46 cha Sheria ya Mawakili, Sura ya 16, hakiyatambui. Bima hulipa gharama za kesi juu ya fidia. Kinachozidi hapo kati ya wakili na mteja wake hupimwa kwa viwango vilivyotangazwa, na una haki ya kutaka kuona ankara iliyochanganuliwa, kitu kwa kitu. Akikataa kuitoa, au akizikalia fedha baada ya kuzipokea, malalamiko hupelekwa kwa Tume ya Malalamiko dhidi ya Mawakili, na huduma hiyo haina ada.

Kwa wasomaji wengine wasio Waislamu wenye mkasa kama huu, fungu la utegemezi hugawanywa vile vile kama nilivyoeleza. Kinachobadilika ni fungu la tirka. Mwenye mke mmoja na watoto, mjane hupata vyombo vya nyumbani na haki ya kutumia mali iliyobaki maisha yake yote, kisha iende kwa watoto. Mwenye wake wawili au zaidi, mali hugawanywa kwa nyumba, kila nyumba ikihesabiwa kwa idadi ya watoto wake pamoja na mke aliye hai kama kichwa kimoja zaidi. Katika utegemezi, wake wote wawili ni wake, kila mmoja na watoto wake, na barua ya chifu inayomtaja mmoja na kumsahau wa pili ndiyo chanzo cha nusu ya mizozo hii.

Sasa la kufanya wiki hii. Mwandikie wakili aliyefungua kesi, nakala kwa kampuni ya bima, ujitambulishe kuwa mjane, utaje wategemezi wote sita kwa majina na umri, na ueleze kwamba hukubali fedha zitolewe kwa mtu yeyote kabla mahakama haijaamuru mgawanyo. Peleka barua hiyo kwa mkono na nakala yako igongwe muhuri wa kupokelewa. Kisha taka makubaliano yao yawasilishwe kortini yakiwa yamechanganuliwa: utegemezi kiasi gani, tirka kiasi gani, mazishi kiasi gani, na chini yake sehemu ya kila mtu. Makubaliano yenye tarakimu moja tupu ndiyo yaliyomfanya shemeji yako adhani anaweza kuziita fedha zote mirathi. Ikiwa tayari yamesajiliwa hivyo, bado mnaweza kumwomba hakimu huyo huyo atenge mafungu kabla ya hundi kutoka.

Bima itakuletea karatasi ya kumalizana, inayosema kwamba umepokea na hudai tena. Mama mkwe akiletewa aweke dole gumba, keti naye asomewe kwa lugha anayoielewa, na tarakimu iliyoandikwa iwe ni ile anayopokea yeye, si ile ya hundi nzima. Nawe usitie sahihi mahali palipoachwa wazi pajazwe baadaye, hata ukiambiwa kwamba gari la kwenda benki linangoja nje.